Kilima cha Tumbaku Tumekipanda Miti

Kegonga,
Kuria Mashariki.
Jumapili, 10 Mei 2026.

Mpendwa ndugu yangu Motari,

Nakusalimu kutoka nyumbani, mimi dada yako Robi. Mama naye anakusalimu. Ameniambia nianze kwa kukuuliza kama unakula vizuri, na kama ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kukaa kwenye usukani siku nzima umepata nafuu. Kerosi anasema joto la huko Bentiu linaweza kuchemsha chai ndani ya chupa. Sijui kama anatania. Tunakutaja katika sala kila jioni kabla ya kula.

Huyo Kerosi ndiye atakayekuletea barua hii. Alikuja likizo, na Jumanne anaanza safari ya kurudi huko kwenye malori yenu. Alipopita kutusalimu alisema simu zenu zinapata mtandao siku mbili kwa wiki. Mama akasema, basi mwandikie.

Ukweli ni kwamba shida haikuwa mtandao. Mara tatu ulinipigia ukaniuliza ilikuwaje siku ile, na mara tatu nilikujibu kwamba mvua ilikuwa kubwa. Nilikusikia unavyongoja niendelee, mpaka salio lako likaisha. Kwenye karatasi hakuna anayengoja. Nitajaribu.

Kwanza habari ya afya. Mama ni mzima ila miguu. Akitoka kanisani hupumzika mara mbili njiani, kwenye duka la Metrine na kwenye daraja. Sukari yake imeshuka tangu aache kuweka vijiko vitatu kwenye chai, ingawa nadhani anaweka nikigeuka. Mimi sina ugonjwa. Nakula, nalala, naenda shambani. Watu wakiniuliza habari nasema nzuri. Unajua mguu ukiukalia muda mrefu unavyokufa ganzi, ukiugusa ni kama unagusa wa mtu mwingine? Ndivyo nilivyo, mwili mzima. Hakuna panapouma.

Sasa siku ile.

Wiki iliyopita ilitimia miaka miwili. Liz wangu alikuwa nyumbani kwa sababu chuo kilichelewa kufunguliwa kwa ajili ya mvua za mwaka ule. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja awe mwalimu. Tulikuwa tumechuma majani ya kwanza ya tumbaku na yalikuwa ndani ya banda la kukaushia, moto unawaka siku ya pili. Ilikuwa kama saa tisa alasiri. Mama alikuwa amejilaza chumbani. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa wachumaji, Liz ameketi mlangoni anajisuka nywele, upande mmoja umekwisha. Mvua ikaanza upya. Nikakumbuka kuni za banda ziko nje.

Nikamwambia aende aziingize.

Akasema, "Mama, si ningoje ipungue?"

Nikamwambia, "Majani yakiharibika tutakula hizo nywele?"

Akacheka. Alijifunika karatasi ya nailoni, ile tuliyokuwa tunafunikia miche, akaenda akikimbia huku ameshikilia nywele za upande ambao haujasukwa.

Hilo ndilo sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Watu wote wanajua Liz alikuwa bandani. Hakuna aliyeuliza alifikaje huko, kwa sababu kila mtoto wa hapa huenda bandani.

Unakumbuka banda lilikuwa wapi, chini ya shamba lako, pale kilima kinapojikunja. Marehemu Baba alikata mvule wa mwisho wa pale mwaka ule ulipofanya mtihani wa darasa la nane, akajenga banda kwa mbao zake na akachoma matawi yake kukaushia mavuno ya kwanza. Baada ya hapo tulilima mpaka kileleni, sisi na majirani wote, na kila mwaka kuni zikawa zinatoka mbali zaidi. Hukuwepo hii miaka ya mwisho. Kilima kilikuwa kitupu kama kiganja.

Nilisikia mlio, nikadhani ni lori linamwaga kokoto barabarani. Niliendelea kusonga ugali. Uliponyamaza ndipo nilipotoka nje. Kilima kilikuwa kimechunika toka juu mpaka chini, chekundu, na banda halikuwepo. Hakukuwa hata na mahali lilipokuwa.

Mzee Gisiri ndiye aliyefika kwanza, unajua boma lake linatazamana na kilima. Watu walikuja na majembe, yeye akawazuia. Alisema jembe litamkata mtoto. Wakachimba kwa mikono na sahani na masufuria. Walimpata kabla jua halijatua. Mzee Gisiri ndiye aliyemnyanyua. Kucha zake mbili zilikuwa zimeng'oka.

Sikulia. Watu walingoja nilie kesho yake, halafu wakangoja siku ya mazishi. Wanawake wa kanisa walinishika huku na huku nisianguke, na mimi nilisimama tu. Nilisikia mmoja akisema moyo wangu ni mgumu. Sikukasirika. Hata sasa ninaandika haya na mwandiko wangu umenyooka, unaona mwenyewe.

Sasa nikueleze habari ya kilima, kwa maana inakuhusu.

Baada ya matanga chifu aliitisha baraza uwanjani mwa kanisa. Alikuja na afisa wa kilimo wa kaunti, kijana mpole, ambaye alikuwa amepanda huko juu na kukuta ufa mrefu kuliko uwanja wa mpira. Alisema kilima kikilimwa tena kitashuka tena, na safari ijayo kitafika kwenye nyumba. Chini ya ufa ule kuna familia kumi na moja. Stanley, yule jirani yetu anayefundisha shule ya msingi, akasimama. Alisema tuache tumbaku, tuunganishe mashamba yote ya juu yawe msitu wa kijiji, tuutunze wenyewe kwa kamati.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoa shamba lake. Ukitoa shamba la tumbaku, watoto wako utawalisha nini msimu unaofuata? Hilo kila mtu alikuwa analiwaza.

Nikasimama nikasema langu lichukuliwe. Wakapiga makofi. Wakasema Robi ana moyo. Ndugu yangu, haukuwa moyo. Kama wangeniomba nyumba siku ile ningesema ichukuliwe pia.

Stanley akaniuliza, "Na lile la kati, la Motari?"

Nikasema, "Na hilo."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilitoa shamba lako kwa maneno mawili, mbele ya chifu, na sikukupigia simu kabla wala baada. Nimekaa miaka miwili nikikuambia shamba lako ni salama, na kweli ni salama, lakini limepandwa miti.

Najua ulivyonitendea. Nilipotoka kwa mume na Liz mgongoni, wazee walikaa wakasema binti akishaolewa hana kipande kwa baba yake. Ulikuwa na miaka ishirini. Ulimwambia Baba mbele yao akate kipande chako katikati. Kipande nilichokitoa mbele ya chifu ni kile ulichonigawia wewe, na kile ulichobakiwa nacho, vyote viwili. Kerosi aliniambia una ramani ya nyumba umeichora kwenye daftari, nyumba ya kujenga ukirudi, juu kwenye shamba lako, mlango ukitazama bondeni. Nilipata shida kumwangalia usoni aliponiambia.

Makubaliano ya kijiji yako kwa chifu. Ardhi inabaki ya kila mwenyewe. Kwa miaka thelathini hakuna kulima na hakuna shoka. Majani ya mifugo, kuni zilizoanguka na mizinga ya nyuki vinaruhusiwa. Kwa upande wako Stanley aliandika kwamba mwenyewe yuko mbali na neno lake linangojwa. Kwa hiyo neno lako bado lina nguvu. Nitarudi kwenye hilo.

Miche ilitoka Sindo, kule ziwani. Kuna mama anaitwa Adhiambo ana kitalu cha miti ya kienyeji, Stanley alimpata kupitia kanisa. Watu wengi hapa walitaka mikaratusi kwa sababu inakua haraka na nguzo zina soko. Adhiambo alipokuja hakubishana nao. Hajui Kikuria na sisi hatujui Kijaluo, kwa hiyo mambo yote yalikwenda kwa Kiswahili, chake kina haraka na chetu kinavuta miguu. Alipanda kilima asubuhi nzima, anachota udongo, anauvunja kwa vidole, anaunusa. Aliposhuka akauliza, "Hicho kijito cha chini ndicho mnakunywa?"

Tukasema ndicho.

"Basi chagueni. Mikaratusi itawapa nguzo, na itawanyang'anya hayo maji. Mimi nikiwaletea miche yangu mtangoja sana. Siwadanganyi, mtangoja."

Kisha akasema hataleta mche hata mmoja mwaka ule. Kwanza tuchimbe mitaro ya kukinga maji. Alitufundisha kupima kwa vijiti vitatu vilivyofungwa pamoja na kamba yenye jiwe katikati, ili mtaro uende sawasawa kuzunguka kilima bila kushuka. Tulichimba toka Juni mpaka Oktoba. Kwenye kingo tukapanda majani ya mabingobingo. Mimi nilichimba kila siku, hata siku zisizo za zamu yangu. Walidhani ni bidii. Nilipokuwa nachimba sikuwa na haja ya kuongea na mtu, ndiyo hivyo tu.

Siku moja tulipumzika na Adhiambo kwenye ukingo, akaniambia naye alizika mtoto, mvulana aliyezama ziwani. Alinieleza kwa maneno machache, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Nikamuuliza ilimchukua muda gani.

"Nini?"

"Kurudi."

Akafikiri. "Mama Liz, mimi sikurudi. Nilianza kitalu."

Tulimaliza uji wetu tukaendelea kuchimba.

Miche ililetwa Machi ya mwaka jana, mvua zilipoanza. Mikuyu, mivule, mizambarau kwa ajili ya bondeni, na mti wanaouita siala ambao una maua ya manjano. Elfu nne na zaidi. Shule zilikuja, kanisa letu na yale mengine, hata vijana wa bodaboda. Chifu alipanda mmoja akapigwa picha. Kufikia jioni kilima kilikuwa na vijiti vingi tu, ukitazama toka barabarani huoni kitu.

Halafu yakaja mambo ya ng'ombe.

Ilikuwa Agosti, ukame umeshika, na majani ya kwenye mitaro ndiyo peke yake yaliyokuwa mabichi. Asubuhi moja tulikuta ng'ombe wa Mzee Gisiri wamevunja uzio na kula sehemu nzima, miche zaidi ya mia mbili, mingine imekanyagwa. Baada ya wiki mbili wakaingia tena. Kamati ikakasirika. Wengine walitaka apelekwe kwa chifu, wengine wakasema wazi kwamba anafanya makusudi. Mimi sikuwa na hasira, kwa hiyo nikasema niende mimi.

Nilimkuta ameketi nje anatengeneza kamba. Nilimsalimu kwa heshima zote, nikakaa kwenye kigoda. Akasema bila kunitazama, "Wamekutuma wewe ili nishindwe kukataa."

Nikasema, "Nimejituma, Mzee."

"Ng'ombe wangu walikuwa wanapita pale kwenda majini kabla Baba yako hajaoa. Sasa mmefunga. Wapite wapi?"

Nikamwambia hilo ni kweli. Hatukulifikiria.

Akaendelea kusokota kamba yake. Halafu akasema, "Na si ng'ombe tu. Nikitoka humu asubuhi naona kilima. Nikienda chooni naona kilima. Nilikuwa nasema kitalimwa tena, kitakuwa shamba kama mashamba mengine, nami nitasahau ni wapi nilimtoa. Sasa mnapanda miti ibaki pale baada yetu. Watoto watakuwa wanasema, huu msitu ni wa yule msichana. Robi, mimi ndiye niliyembeba. Alikuwa mwepesi. Nyinyi mnataka nimkumbuke mpaka lini?"

Nilitazama mikono yake. Ukucha mmoja haukuota vizuri.

Nikamwambia, "Mzee, mimi ningependa kusikia hata robo ya unachosikia wewe."

Ndipo aliponitazama. Aliweka kamba chini. Alimwita mke wake alete chai, tukanywa, tukazungumza habari za ng'ombe wake mmoja mwenye jicho bovu.

Kamati ilikubali kuacha njia ya mifugo, pana kiasi cha ng'ombe wanne kwenda sambamba, toka boma lake mpaka kijitoni. Inapita pale banda lilipokuwa. Hakuna mti utakaopandwa hapo. Ni yeye aliyeomba ipite hapo na mimi sikukataa. Tuliweka ua wa mkonge kila upande. Miche iliyoliwa tulipanda upya Novemba. Mzee Gisiri hakuja kupanda na hajawahi kuingia ndani ya msitu, lakini ng'ombe wake hawajatoka kwenye njia yao tena.

Leo miti mingi inanifika kiunoni, siala zimenipita. Si yote iliyopona. Sehemu ya juu penye mawe imekufa karibu nusu. Tangu tuache tumbaku familia zimepata shida, nisikufiche. Sisi tunalima mahindi na maharagwe kwenye shamba la chini, na Mama ana kuku. Stanley na wenzake wameweka mizinga ya nyuki ishirini. Familia mbili zimerudia tumbaku kwenye mashamba ya kukodisha upande wa pili wa mto. Sisemi ni wabaya.

Jumanne iliyopita mvua kubwa ilinyesha mchana. Tangu ile siku, mvua ikinyesha hivyo watu wote wa chini ya kilima hutoka nyumbani na kwenda kusimama shuleni mpaka ikatike. Wanabeba watoto na redio na vyeti. Jumanne niliwasubiri wapite hapa mlangoni, hawakupita. Nikajifunika nikaenda kuangalia. Mlango wa kwa Metrine ulikuwa wazi, yuko ndani anampimia mteja sukari. Watoto walikuwa barazani. Nikapanda mpaka mtaro wa kwanza. Maji yalikuwa yamejaa humo yanakwenda polepole kuzunguka kilima, na yaliyokuwa yanatoka chini yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, sio ule wekundu.

Nilisimama pale muda mrefu. Nguo zililowa zote. Halafu nikasikia baridi, Motari. Meno yaligongana. Nimelowa mara nyingi katika miaka hii miwili na sikumbuki hata mara moja kusikia baridi. Nilishuka nikabadilisha nguo na kuota moto kama mtu yeyote.

Nisikudanganye kwamba nimepona. Kesho yake niliamka nikiwa vilevile. Nakueleza tu kwa sababu ilitokea.

Sasa neno lako. Shamba lako ndilo la katikati, na ule ufa unapita humo. Ukisema hapana, kamati itakuachia, na mimi nitang'oa miti iliyomo kwa mikono yangu wala sitakulaumu. Ukisema ndiyo, mlango wa nyumba yako hautatazama pale ulipochora. Kuna kipande changu cha chini, karibu na barabara, nilichokinunua kwa pesa za tumbaku nikamwekea Liz. Kichukue. Mtu hajengi nyumba kwa kipande alichopewa kama fidia, najua, lakini sina kingine. Jibu lolote nitalipokea. Na ukikasirika, kasirika nami tu, Mama hakujua nilipolitoa.

Niliandika mpaka hapo, Mama akasema nimsomee. Macho yake hayasomi tena. Nilifikiria kuruka ile sehemu ya jikoni. Nikaisoma.

Nilipofika kwenye nywele alinyoosha mkono kama mtu anayesimamisha gari. Akasema, "Nilikuwa macho. Nilikusikia unamtuma."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia.

Akasema, "Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtume mimi. Wewe ulinitangulia tu."

Miaka miwili, Motari, tumeishi nyumba moja, kila mmoja na lake. Niliweka kalamu chini nikaenda kukaa naye kitandani. Alinishika kichwa akaanza kunisuka, mistari inakwenda kombo, na mimi nikamwacha aendelee. Nimerudi sasa kumalizia barua kabla Kerosi hajapita.

Mama anasema usiache kuvaa soksi ukiendesha. Stanley na Metrine wanakusalimu. Mzee Gisiri anauliza kama huko kuna ng'ombe wenye pembe ndefu kweli, mwandikie yeye mwenyewe, atafurahi. Wasalimu madereva wenzako wote, na umshukuru Kerosi kwa kuibeba barua hii njia yote hiyo.

Mungu aliyekufikisha huko akulinde barabarani, na siku yako ya kurudi ikifika atukutanishe sote watatu tukiwa hai.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, ninayekupenda,

Robi